Simu iliyorudi si niliyouza, na mpwa wangu nimeshamkata mshahara

SWALI

Shikamoo Mama,

Nina duka la simu hapa Moshi mjini, jirani na stendi. Nauza simu mpya, chaja, kava na protekta, na pia nanunua zilizotumika kidogo nauza tena. Mzigo naufuata Kariakoo kwa muuzaji wa jumla tuliyezoeana. Mara nyingine ananipa kwa mali kauli, nalipa nikishauza. Dukani anakaa mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Kibosho, aliyemaliza kidato cha nne akakosa pa kwenda. Mimi muda mwingi niko nje nahangaika na mzigo na madeni.

Mwezi uliopita alikuja kijana na simu ya laini mbili, ikiwa kwenye boksi lenye mhuri wetu, na risiti yetu mkononi. Akasema spika ya sikioni haitoi sauti na waranti bado haijaisha. Kwa utaratibu wetu mteja mwenye boksi na risiti habishiwi, kwa hiyo mpwa wangu akampa nyingine ya aina ileile. Ile mbovu nikaipeleka Kariakoo ili na mimi nibadilishiwe. Wakabonyeza *#06# ili simu ionyeshe IMEI, namba yake ya utambulisho, wakatazama boksi, wakanirudishia. IMEI iliyotokea kwenye kioo siyo ya kwenye boksi, wala haimo kwenye mzigo wowote waliowahi kunipa. Simu ya 380,000 ikanifia mkononi.

Nilipomuuliza mpwa wangu alilia tu, akasema, "Mjomba, mimi nilipokea kilicholetwa." Wenzangu wa mtaani wanasema huo ndio mchezo wa wasichana wa dukani, anashirikiana na mtu wa nje. Mwezi huu nimemkata nusu ya mshahara. Dada yangu naye ameacha kupokea simu zangu.

Kinachonichanganya ni kwamba daftari letu halina kasoro. Tunaandika aina ya simu, bei na tarehe, na kila jioni zilizouzwa na zilizobaki zinalingana na zilizoingia. Sioni palipovuja.

Halafu juzi alikuja mama mmoja wa Pasua, vibaka wamemnyang'anya simu aliyonunua kwetu. Anatakiwa kupeleka IMEI ya simu hiyo ili ifungiwe, na boksi alishalitupa. Tukamwambia hatuna. Aliondoka amenyong'onyea na mimi mwenyewe roho iliniuma.

Naomba unishauri. Nimwachishe kazi huyu binti? Hizi namba nazifuatiliaje bila kununua mfumo wa gharama kubwa? Na hii simu iliyobaki kwenye droo, niiuze kwa bei ya kutupa angalau nirudishe kidogo?

Mwenye duka, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na mpwa wako, maana simu inaweza kusubiri lakini yeye hawezi.

Barua yako nimeirudia nikitafuta ushahidi kwamba binti huyu ameiba, sikuuona. Nimeona maneno ya wenzako wa mtaani, nimeona machozi, basi. Machozi ya binti aliyeulizwa na mjomba wake kuhusu wizi hayathibitishi chochote. Hebu fikiria ni wangapi wangeweza kusababisha simu moja kuingia kwenye boksi la nyingine. Mteja mwenyewe anaweza kuwa na simu mbili za aina moja nyumbani, nzima akabaki nayo, mbovu akaitia kwenye boksi lenu. Fundi wa pembeni anaweza kuwa amebadilisha bodi, na bodi ikibadilishwa IMEI inaondoka nayo, kwa sababu namba hiyo hukaa kwenye bodi, siyo kwenye kioo wala mfuniko. Na duka jirani je? Mnaazimana mzigo, najua, kila mtaa wa simu unafanya hivyo: mteja anataka rangi ya bluu, huna, unamtuma kijana kwa jirani. Au winga, muuzaji wa kuzunguka asiye na duka, anachukua simu mbili kumpelekea mteja ofisini, jioni anarudisha moja na hela ya nyingine. Nani huwa anafungua boksi lililorudi akatazama ndani? Hata huko Kariakoo, simu zikitolewa kuonyeshwa wateja asubuhi hadi jioni, moja kurudishwa kwenye boksi lisilo lake si jambo la ajabu.

Wote hao wangekuachia matokeo yaleyale unayoyaona leo. Daftari lako haliwezi kuwatenganisha, kwa sababu linahesabu idadi tu. Nzima ikitoka na mbovu ya aina ileile ikiingia, idadi inatimia, na wewe unafunga duka ukiwa na amani. Hapo ndipo palipovuja.

Kwa hiyo usimwachishe kazi. Na hiyo nusu ya mshahara mrudishie wiki hii. Hilo silisemi kwa huruma peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa sababu tu ana hasira. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, umweleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na ulivyokikokotoa, umpe nafasi ya kupinga, naye akubali deni hilo kwa maandishi. Hata hapo makato hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Wewe umekata nusu, bila karatasi, kwa kosa ambalo hujui ni la nani. Kuwa mjomba wake hakukutoi kwenye sheria hiyo. Kisha panda Kibosho mwenyewe ukazungumze na dada yako uso kwa uso. Neno "mwizi" likishaambatana na binti wa umri huo, hata duka la pili halitampokea, na wewe unajua jinsi habari zinavyoshuka na kupanda mlima huo.

Sasa tuje kwenye namba.

IMEI ina tarakimu 15. Nane za mwanzo zinaonyesha aina ya simu, na hutolewa kwa watengenezaji chini ya usimamizi wa GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani. Sita zinazofuata ni za simu yenyewe, kama chasisi ya gari: magari mawili ya rangi moja na muundo mmoja hayagawani chasisi. Ya mwisho ni ya uhakiki, na hiyo ndiyo ninayotaka mpwa wako aijue, kwa sababu itamlinda.

Chukua namba inayotumika sana kufundishia, 490154203237518. Weka pembeni ile 8 ya mwisho. Katika 14 zilizobaki, ukianzia kushoto, kila ya pili izidishe kwa mbili. Jibu likiwa la tarakimu mbili, zijumlishe zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo 4 inabaki 4, 9 inakuwa 18 yaani 1 na 8, sawa na 9, halafu 0 inabaki, 1 inakuwa 2, na kuendelea hivyo. Ukijumlisha zote unapata 52. Ili kufika 60, kumi inayofuata, unahitaji 8, na ndiyo hiyo iliyoko mwishoni. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kunakili, hesabu inakataa. Simwambii mtu afanye hivi kwa kila simu wakati wateja wamejaa kaunta, lakini namba ikileta mashaka, dakika moja ya kalamu inatosha kujua kama imeandikwa vibaya.

Huhitaji mfumo wa gharama. Unahitaji daftari kubwa la mistari ambamo kila simu ina mstari wake peke yake. Usiandike "Samsung, 5" halafu bei. Zikiingia tano, iandikwe mistari mitano. Kushoto weka tarehe ya kuingia, umenunua kwa nani na namba ya ankara, aina na GB na rangi, IMEI ya kwanza, IMEI ya pili, bei ya kununulia. Kulia acha nafasi wazi ya siku ya kuuza: tarehe, namba ya risiti, jina na simu ya mteja, na saini ya aliyeuza. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, ziandike zote, maana mteja au polisi anaweza kuja na yoyote kati ya hizo. Baadhi ya simu zinazotumia laini ya ndani, ile isiyo na kadi, zinaonyesha pia namba ndefu ya tarakimu 32 inayoitwa EID; hiyo isiingie kwenye safu ya IMEI. Na ukiona mkwaju na tarakimu mbili baada ya zile 15, ziache, si sehemu ya namba.

Mzigo ukifika, usiuweke kwenye kabati kabla haujaandikwa. Boksi lililofungwa huna haja ya kulifungua, lebo ya nje ina namba zote. Lakini siku ya kuuza, lakiri ya boksi ikatwe mbele ya mteja, simu iwashwe, ibonyezwe *#06#, na namba ya kwenye kioo isomwe kwa sauti huku mteja akitazama boksi na mpwa wako akitazama daftari. Zikilingana zote tatu, mteja aweke saini kwenye kadi ya waranti yenye IMEI hiyohiyo. Kama mashine yako ya risiti ya EFD inaruhusu kuandika maelezo ya bidhaa, iingie na kwenye risiti. Usitegemee namba iliyochapwa kwenye kitako cha kuwekea kadi ya laini au stika iliyo chini ya betri. Vitako hubadilishwa na stika hubanduliwa. Kioo ndicho cha kuaminiwa.

Siku mteja akirudi na waranti, mpwa wako hahitaji kubishana na mtu wala kumwonea mtu aibu. Anabonyeza *#06#, anafungua daftari. Namba ikiwa ndiyo, mteja anahudumiwa kwa heshima zote, na simu mbovu na mpya zote mbili zinaandikwa, hii imerudi, hii imetoka badala yake. Namba ikiwa siyo, anasema, "Kaka, simu hii haikutoka hapa, tazama mwenyewe," na anamwonyesha saini aliyoweka kwenye kadi ya waranti.

Winga na duka jirani nao waingie humo. Simu inayotoka kwa kuazimwa iandikwe IMEI yake, nani ameichukua, saa ngapi, na ikirudi iwashwe kabla ya kupokelewa. Baadhi watanuna. Nakusihi usilegeze hapa hata kwa rafiki, kwa sababu mali inayotoka kwa neno la mdomo ndiyo inayomwachia msichana wa kaunta lawama za watu wazima.

Ukipenda kutumia kompyuta, skana ya kusoma mistari ya msimbo iliyo kwenye lebo inaingiza namba kama vile imechapwa kwa kibodi, na makosa ya kunakili yanaisha. Ila kwenye Excel, kabla hujaingiza chochote, badilisha safu ya IMEI isomeke kama maandishi. Usipofanya hivyo utakuta namba imegeuka kuwa kitu kama 4.90154E+14, na zinazoanza na sifuri zinapoteza sifuri yao. Namba ndefu zaidi, kama ile ya nyuma ya kadi ya laini yenye tarakimu 19 au 20, zinaharibika kabisa, maana Excel huhifadhi tarakimu 15 tu na zinazobaki inazifanya sifuri. Nakala ya faili hiyo ikae pia nje ya duka.

Daftari lenye majina na simu za watu halifai kulala wazi juu ya kaunta mtu yeyote alipekue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamgusa hata mwenye duka dogo. Chukua unachohitaji tu, fungia kwenye droo. Na usilitupe likijaa. Kumbukumbu za biashara TRA nao wanataka zitunzwe, kwa kawaida miaka mitano.

Yule mama wa Pasua nataka umtafute. Pekueni ankara za Kariakoo za kipindi alichonunua. Wauzaji wengi wa jumla huorodhesha IMEI za mzigo, na kama hawakuorodhesha, wapigie uwaombe. Ukizipata za aina ile, toa zile mlizonazo bado kwenye kabati, zitabaki chache. Mweleze pia kwamba kama simu ilikuwa na akaunti ya Google, anaweza kuingia kwenye akaunti hiyo kwa simu nyingine, na mara nyingi IMEI ataikuta huko kwenye orodha ya vifaa vyake. Akishaipata aiambatanishe na RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, aende kwa mtandao wake laini na simu vifungiwe. Asije akampa hela mtu wa mtaani anayedai kwamba akipewa IMEI ataonyesha simu iliko. Namba hiyo haimwonyeshi mwenye duka wala fundi mahali simu ilipo. Wanaoweza kuona inatumia laini gani ni kampuni za mitandao, na polisi hupitia huko kwa taratibu zao.

Umesema unanunua zilizotumika. Kwa Moshi najua nyingine zinatoka mlimani, mpagazi au mwongozaji kapewa na mgeni wake kama asante. Zawadi hizo ni za halali na wanaozileta ni watu wanaobeba mizigo ya wenzao hadi karibu na kilele, hawastahili kutazamwa kama wezi. Lakini simu ya iPhone ambayo mgeni hakuiondoa kwenye akaunti yake itabaki imefungwa hata ikifutwa yote, na mgeni akishapanda ndege pale KIA kumpata ni kazi. Waambie wateja wako hao mapema: zawadi ya simu ipokelewe baada ya mgeni kujitoa kwenye akaunti mbele yao. Kwa kila simu iliyotumika unayonunua, bonyeza *#06#, tuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone jibu linataja aina ileile uliyoishika. Simu feki zilifungiwa hapa nchini tarehe 16 Juni 2016, na rejesta inayozitambua bado iko kazini. Jibu zuri halithibitishi kwamba simu si ya wizi, maana iliyoporwa jana usiku na haijaripotiwa itajibu vizuri tu. Ndiyo maana muuzaji aandike jina, namba ya kitambulisho cha NIDA na saini kwenye mstari wa simu hiyo. Asiyetaka kuandika, aende nayo.

Hiyo ya kwenye droo usiiuze, si kwa bei ya kutupa wala kwa bei yoyote. Hujui ilikotoka. Kama iliporwa Majengo au Arusha, ukiiuza utakuwa umeipitisha wewe, na Kanuni ya Adhabu ina kosa la kupokea mali ya wizi. Asije pia fundi akakushawishi aibadilishe IMEI ifanane na ya boksi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 imelifanya hilo kuwa kosa la jinai. Andika namba zake zote mbili. Kama mna namba ya yule kijana, mpigie kwa lugha ya kawaida, mpwa wako akiwepo, umweleze kwamba simu aliyoleta na boksi haviendani na unaomba afike. Anaweza kuwa na maelezo ya kweli, fundi na bodi. Asipotokea, chukua simu, boksi, nakala ya risiti na maelezo ya maandishi kutoka Kariakoo uende navyo kituo cha polisi, uikabidhi na upewe RB. Hiyo uliyompa badala yake ilitoka kwenye mzigo wa Kariakoo, kwa hiyo IMEI yake inaweza kupatikana kwenye ankara kwa njia ileile ya mama wa Pasua, nayo uitaje kwenye maelezo yako.